Kamera ya ulinzi inayomtambua mtu: ipi ununue ukiwa Dodoma

Kiangazi Dodoma ni upepo na vumbi. Mwarobaini unayumba usiku kucha, na kamera isiyojua kutofautisha mtu na tawi itakujazia arifa kwenye simu mpaka uzizime. Ukishazizima, umebaki na kamera ya kuangalia wizi uliokwisha kutokea. Ndiyo maana nazipanga kwa uwezo wa kutambua, kabla ya bei.

Ya kwanza ni kamera isiyozunguka, yenye akili mnemba ya kutambua umbo la mtu na gari. Kitu kikisogea, inakikagua kwanza ndipo itoe arifa. Kwa nyumba yenye umeme, iwe Kisasa au Nzuguni, funga moja getini na nyingine mlango wa nyuma. Usiamini maandishi ya boksi. Muuzaji aiwashe hapohapo dukani, achague arifa za mtu pekee, kisha atikise khanga mbele yake. Arifa ikiingia, iache. Halafu pita wewe, kwa umbali uleule wa kutoka kamera hadi geti lako. Isipoingia, iache pia.

Ya pili ni ya sola inayotumia laini ya simu, kwa saiti au shamba la zabibu kule Hombolo. Ili kuokoa betri huwa imelala, ikaamshwa na kihisi cha joto la mwili. Kihisi hicho hudhoofika mchana wa jua kali, hewa inapokaribia joto la mtu. Pia humnasa vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo ielekeze ikikatiza njia. Bando lisiishe.

Inayozunguka kumfuata mtu naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayopendwa. Ikimfuata wa kwanza hadi kona ya uzio, geti halina macho, na wa pili anaingia. Inunue kama nyongeza.

Ya mwisho ni ile inayolinganisha tu picha na picha iliyotangulia. Kama unayo tayari, kwenye mipangilio yake chora eneo la geti pekee ndilo ilikague, mti ubaki nje. Futa na utando wa buibui kwenye lenzi. Usiku taa za infraredi za kamera, zenye mwanga usioonekana kwa macho, huumulika ukawa mweupe, nao hutoa arifa.

Kuhusu memori kadi: ukirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde, siku moja hula takribani GB 22. Kadi ya GB 128 haifikishi wiki.