Arisaka Type 99 niliyoikagua dukani Ohio: ua zima, mbao imepigwa msumeno

Bunduki yenyewe ni Arisaka Type 99, ya askari wa miguu wa Japani vita vya pili, niliikuta kwenye duka la bunduki za zamani huku Ohio imebandikwa dola 850, na chini ya bei mwenye duka kaandika kwa kalamu nyekundu kwamba ua lipo zima. Yaani bei yote ile kaijenga juu ya ua.

Kwa asiyejua, hizi bunduki juu ya chemba (pale risasi inapokaa) zina alama ya ua la krisanthemamu lenye petali 16, nembo ya mfalme wa Japani, maana bunduki ilihesabiwa ni mali yake. Wajapani waliposalimu amri 1945 nyingi zilikwanguliwa ua kwa tupa au mashine kabla ya kukabidhiwa kwa Wamarekani, ndo maana nyingi utakazoziona sokoni pale juu pana kovu tu. Iliyobaki na ua mara nyingi ilitekwa vitani au ilitoka kwa njia nyingine kabla ya zoezi hilo, na watu wanaokusanya hulipia zaidi. Sawa, ua ni zuri, hata mimi nalipenda, ila ua halikwambii mtutu ukoje wala kama vyuma vyake vimezaliwa pamoja.

Kwahiyo nikaomba niishike. Kwanza nikahakikisha haina risasi, halafu sefti yake, ya kuzuia isifyatuke, hii inachanganya watu wengi kwelikweli, haina kitufe wala kidole, unaweka kiganja kwenye kile kifuniko cha mviringo nyuma ya bolti (chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi) unakisukuma ndani unakizungusha kidogo basi. Usipojua utasema imeharibika. Bolti nayo inajikoki, yaani inakaza springi ya kufyatulia, wakati unaifunga, sio unapoifungua, kwahiyo aliyezoea Mauser ya Mjerumani ataona inamsukuma mkono mwishoni, hiyo ni kawaida yake.

Namba sasa, hapa ndo nilikaa muda mrefu. Serial namba iko ubavu wa kushoto wa bodi, kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, pamoja na alama ya kiwanda, hii ilikuwa ya Nagoya, ile ya duara lenye kitu kinachofanana na 8 ndani. Kisha unachomoa bolti unatafuta tarakimu tatu za mwisho chini ya shina la mkono wake, na kwenye vipande vingine vya bolti pia. Zote zikalingana. Hii kwangu ina thamani kuliko ua, maana bolti zilitenganishwa na bunduki zake kwa wingi na ukikuta bolti ya kuokoteza hujui hata kama inafunga sawasawa kwenye chemba ile, hapo kabla ya kupiga lazima fundi aipime.

Mtutu nikamulika na tochi toka nyuma, unang'aa safi. Type 99 za mwanzo na za katikati zilipakwa kroma ndani ya mtutu, kitu ambacho majeshi mengi wakati ule hayakuwa nacho, ndo maana hata miaka 80 baadaye unakuta mifereji ya ndani inayozungusha risasi bado mikali. Zile za mwisho mwisho wa vita, 1944 na 1945, ni habari nyingine, kroma hakuna, kilengeo cha nyuma hakipandi wala hakishuki, bamba la kitako ni ubao, chuma kimeachwa na makovu ya mashine. Kuna watu wanazitafuta hizo hizo kwa sababu zinaonyesha jinsi Japani ilivyokuwa imeishiwa, mimi sio mmoja wao. Na jihadhari sana na zile za mafunzo ya shule, zinafanana kabisa kwa mbali ila mtutu hauna mifereji na bodi ni chuma laini, ukiweka risasi ya kweli inaweza kukupasukia usoni.

Hii ilikuwa bado na mbawa za kilengeo, vile vijichuma vya pembeni vya kukadiria ndege inayopita (eti umpige rubani na bunduki ya risasi tano, haya bwana), na mguu wa waya wa mbele upo, mwembamba haufai kitu lakini upo na watu wanaulipia. Kifuniko cha vumbi cha juu ya bolti hakipo.

Mbao. Kitako kina mstari mrefu kama kimepasuka kikagundishwa, wasioujua wanakimbia hapo, jamani ule ndo utengenezaji wao, kitako cha Arisaka ni vipande viwili vimeshikanishwa toka kiwandani. Tatizo halisi lilikuwa mbele. Nilipolegeza ile pete ya chuma inayobana mtutu na mbao nikaona mstari mwembamba umenyooka mno, msumeno. Askari wa Kimarekani alikata mbao pale ili bunduki iingie kwenye begi lake la safari, akafika nyumbani akaigundisha na pete ikaficha kila kitu. Mzee mwenye duka akabadilika rangi, sijui alikuwa anajua au hajui, mimi sikumuuliza, nikamwambia tu hii sio ya 850.

Ila kusema kweli ule mkato kwangu uliongeza hamu, kwa sababu unakubaliana na ua, ni bunduki iliyobebwa na mtu kutoka huko ikaja hapa. Na mimi nina sababu yangu, babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), walipelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua wakiwafukuza Wajapani mpaka Kalewa. Bunduki za aina hii ndo zilikuwa upande wa pili.

Tukavutana tukaishia 560. Imetengenezwa baada ya 1898 kwahiyo kisheria huku sio antiki, nikajaza fomu na wakanicheki kama bunduki nyingine yoyote, hakuna njia ya mkato dukani.

Kuhusu kupiga, ni imara. Fundi P.O. Ackley baada ya vita alizijazia baruti makusudi azivunje na Arisaka zikavumilia kuliko nyingi. Inapiga risasi ya milimita 7.7, na hapa sikiliza, kipenyo cha risasi yenyewe ni kama cha .303 ya Mwingereza lakini ganda ni tofauti kabisa, usijaribu kubadilishana. Kampuni ya PPU wanatengeneza risasi zake, Hornady na Norma pia wamewahi, ila sio rahisi kukuta dukani na bei imechangamka, kwahiyo maganda yangu siachi hata moja rinji (uwanja wa shabaha), ni ya kujazwa tena. Teke lake ni la kawaida, uzito kama kilo 3.8 unasaidia.

Kifuniko cha vumbi bado natafuta cha asili, vya kuiga vipo tele ila ukikivalisha kinapiga kelele kila ukivuta bolti, nasikia hata askari wenyewe walikuwa wanavitupa.