MacBook Air ya M1 ofisini: dirisha limefungwa, programu bado iko kazini

Nimeitumia MacBook Air ya M1, kompyuta ya mkononi ya Apple yenye chipu ya M1, toleo la mwaka 2020 lenye kumbukumbu ya GB 8, katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ambako kutwa nzima karani hufungua ankara na hati za shehena, akizifunga na kufungua nyingine. Wepesi wake, betri yake na ukimya wake, kwa kuwa haina feni, vinaridhisha. Linalostahili maelezo marefu ni tabia moja inayomtatiza karibu kila anayehamia kutoka Windows: ukibonyeza kitufe chekundu kwenye kona ya dirisha, dirisha huondoka lakini programu huendelea kufanya kazi.

Chukua Preview, programu ya kusomea PDF. Karani akifunga hati ya mwisho kwa kubonyeza vitufe vya Command na W pamoja, hakuna dirisha linalobaki, ila jina la Preview bado limeandikwa juu kabisa ya skrini, na kwenye Dock, yaani safu ya ikoni za programu, kuna kitone chini ya ikoni yake. Hati inayofuata hufunguka papo hapo, kwa sababu programu haianzi upya. Kwa kazi yetu huo ni mpango mzuri kabisa, nami nauona bora kuliko ule wa Windows, ambako kufunga dirisha la mwisho kwa kawaida huizima na programu.

Hofu ya kwamba programu zilizoachwa hivyo huichosha mashine haina msingi mkubwa. Programu iliyotulia haitumii prosesa kwa kiasi cha kusumbua, na tangu mwaka 2013 macOS, mfumo unaoendesha kompyuta hizi, hubana kumbukumbu ya programu zisizoguswa. Zile nzito za kuhariri picha na video ndizo ningezizima baada ya kazi.

Kasoro zipo. Kitone cha Dock ni kidogo mno. System Settings, programu ya mipangilio, haifuati kanuni hiyo ya kuendelea kufanya kazi, kwani hukoma dirisha lake likifungwa. Kubwa zaidi, Q, inayozima programu nzima ikibonyezwa pamoja na Command, imekaa ubavuni mwa W, hivyo kidole kikiteleza kidogo tu, hati zote zilizokuwa wazi hufungwa kwa pamoja. Chrome ina chaguo la kumwonya mtumiaji kabla ya kuzimika, na ulinzi huo ulistahili kuwa katika kila programu.

Kwa ofisi yenye nyaraka nyingi naipendekeza bila kusita. Pale ambapo makarani wa zamu hutumia mashine moja kwa akaunti moja, anayeondoka aizime Mail kwa Command na Q, kwa sababu akifunga dirisha peke yake, barua zake zitaendelea kuingia na arifa zake kujitokeza mbele ya mwenzake.