RSSSF kwenye mizani: inafaa kiasi gani kuhakiki rekodi ya mwanasoka aliyefariki?

Tovuti ya RSSSF, hazina ya matokeo na takwimu za soka la dunia nzima, haivutii macho hata kidogo. Ni maandishi matupu, herufi kama za taipureta, bila picha wala michoro. Inaendeshwa na watu wanaojitolea tangu Januari 1994, na sura yake haijasogea mbali na mwaka huo. Hata hivyo, ukitaka kuhakiki rekodi ya mchezaji wa Afrika aliyecheza kabla ya miaka ya 1990, hakuna huduma nyingine ya bure inayoikaribia. Inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua, haidai usajili, na chini ya karibu kila ukurasa kuna jina la aliyeuandaa na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Hizo ndizo sehemu za kusoma kwanza, kabla ya magoli.

Tuipime kwa mtu mmoja: Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa AS Vita Club ya Kinshasa na timu ya taifa ya Zaire. Rekodi yake ina karibu mitego yote. Jina lake hugeuzwa, nchi yake ilibadilishwa jina, alicheza fainali iliyorudiwa, alitolewa nje kwa kosa la mwenzake, na kifo chake kilitangazwa miaka 21 kabla hajafa.

Anza na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kizungu, kwa hiyo Pierre Ndaye wa karatasi za zamani ndiye Ndaye Mulamba wa 1974. Kuna orodha zinazomwita Mulamba Ndaye, na zipo zinazoandika N'Daye. Magazeti ya Kinshasa nayo yana lakabu yake, Mutumbula. Tafuta kwa kila umbo. Kwa nchi, andika Zaire kwa miaka ya 1971 hadi 1997 na Congo-Kinshasa kwa kabla ya hapo, na uangalie usije ukachanganya na Congo ya Brazzaville. Hatari hiyo si ya kufikirika: timu hizo mbili zilikuwa kundi moja katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri, mwaka 1974, na Brazzaville ilishinda 2-1. Utafutaji wa ndani ya RSSSF haukupi msaada mkubwa, hivyo ni afadhali utumie injini ya kawaida ya kutafutia, uandike RSSSF, jina la mashindano na mwaka. Jina la mchezaji liache. Kurasa zimepangwa kwa mashindano, na anayekwenda pale kutafuta wasifu wa mtu hurudi mikono mitupu.

Sasa magoli. Inasemwa kila mahali kwamba Ndaye alifunga 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974, rekodi ya mashindano ya mwaka mmoja ambayo haijavunjwa. Usiinakili hiyo 9, ijumlishe mwenyewe mechi kwa mechi. Dhidi ya Guinea (2-1) alifunga 2. Dhidi ya Congo-Brazzaville hakufunga. Dhidi ya Mauritius (4-1) alifunga 1. Nusu fainali dhidi ya wenyeji Misri (3-2) alifunga 2. Fainali dhidi ya Zambia, tarehe 12 Machi mjini Cairo, iliisha 2-2: alifunga 2, la pili dakika ya 117, na Zambia wakasawazisha pumzi za mwisho za muda wa nyongeza. Hapakuwa na penalti za kuamua mshindi. Mechi ilirudiwa tarehe 14 na Zaire wakashinda 2-0, yote mawili ya kwake. Jumla 9 katika mechi 6. Anayeihesabu fainali kama mechi moja atapata 7, au atabaki na 9 katika mechi 5, na hapo ndipo takwimu nyingi zinazozunguka mitandaoni huharibika. Kipimo cha pili ni aliyemtangulia: Laurent Pokou wa Ivory Coast alikuwa na 8 katika fainali za 1970. Chanzo kinachokuambia kwamba Ndaye aliivunja rekodi hiyo kwa magoli 7 hakijafanya hesabu yake.

Kurasa hizi zina vifupisho vya Kiingereza ambavyo vikikupita vitakupotosha. "aet" ni baada ya muda wa nyongeza, na magoli yake huhesabiwa kwa mchezaji. Yale ya mikwaju ya kuamua mshindi hayahesabiwi kamwe. "og" ni goli la kujifunga. "abd" ni mechi iliyovunjika, na "n/p" ni ambayo haikuchezwa. Cha kuogopwa zaidi ni "awd", ushindi wa mezani. Ukikuta 2-0 awd, magoli hayo hayana mfungaji, lakini kuna wanaoyagawa kwa washambuliaji ili hesabu itimie.

Kombe la Dunia la 1974 lina somo la aina nyingine. Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, Zaire ilipigwa 9-0 na Yugoslavia, na dakika ya 22 mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alimtoa Ndaye kwa kadi nyekundu. Aliyempiga mwamuzi teke ni beki Mwepu Ilunga, na baadaye alikiri mwenyewe. Rekodi rasmi haikubadilika: kadi ni ya Ndaye, na mechi ya Brazil hakucheza. Ukiandika wasifu, kadi iache pale pale ilipo kisha uweke maelezo pembeni. Kuifuta kwa sababu ni dhuluma kutafanya takwimu zako zigombane na za FIFA, na msomaji hatajua nani kakosea. Mechi zake za Kombe la Dunia basi ni 2, Scotland na Yugoslavia, goli hana. Zaire nzima haikufunga.

Penye udhaifu wa RSSSF ni klabu. Fainali ya klabu bingwa Afrika ya 1973 utaipata vizuri: Asante Kotoko ya Ghana 4-2 nyumbani, Vita 3-0 Kinshasa, kombe likaenda Vita kwa jumla ya 5-4. Lakini ligi za Zaire za miaka hiyo kwa sehemu kubwa ni orodha ya mabingwa na matokeo, bila wafungaji. Vivyo hivyo kwa Afrika Mashariki: matokeo ya Kombe la Gossage na Kombe la Chalenji yapo kwa wingi, wafungaji ni bahati nasibu. Na kwa kuwa mechi nyingi za zamani hazina vikosi, idadi ya mechi alizocheza mtu daima ni dhaifu kuliko idadi ya magoli. Mchezaji aliyeingia dakika ya 70 asifunge hana alama yoyote pale.

Je, Transfermarkt na Wikipedia zinaziba pengo? Kwa kiasi. Transfermarkt, tovuti ya takwimu za wachezaji, ilianza mwaka 2000 na nguvu yake ni wachezaji wa kuanzia hapo. Wa miaka ya 1970 waliobaki Afrika mara nyingi wana jina, tarehe ya kuzaliwa na klabu moja au mbili. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ambayo wengi hawaijui: takwimu za klabu zilizo ndani ya kisanduku cha pembeni ni za ligi ya ndani tu. Kombe la klabu za Afrika halimo, kombe la nchi halimo. Ukikuta Wikipedia inasema 40 na kwingine 57, huenda wote wako sahihi. Fuata tanbihi, namba isiyo na tanbihi ichukulie kama uvumi, hata ikirudiwa na tovuti kumi, maana huenda zote zimenakili palepale.

Magazeti ya siku zile ndiyo hukata shauri. Hapo tarehe huleta balaa: gazeti la asubuhi huandika mechi ya jana, na Le Monde hutoka mchana likiwa na tarehe ya kesho yake. Andika tarehe ya mechi na tarehe ya gazeti mbali mbali, pamoja na ukurasa.

Kuhusu kifo, ukimya wa dakika moja si ushahidi. Mwaka 1998, kwenye fainali za Afrika Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kumkumbuka Ndaye kwa habari kwamba amefia kwenye ajali ya mgodi Angola. Alikuwa hai Afrika Kusini. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70. Ukurasa wowote wenye kifo cha 1998 ni dalili kwamba hata mengine yaliyomo humo hayajaguswa muda mrefu. Tafuta taarifa mbili zisizotegemeana, na angalau moja itoke kwa familia au shirikisho la soka.

Viungo vya tovuti za mashirikisho hufa ovyo, za FIFA zikiwemo, kila zinapopangwa upya. Ukipata ukurasa unaouhitaji, uhifadhi kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, papo hapo na uandike tarehe uliyousoma. Ukiona kosa RSSSF, mwandikie aliyeuandaa ukurasa ule na umtumie picha ya ukurasa wa gazeti, jina la gazeti likionekana na tarehe ikisomeka. Barua ya "babu yangu alifunga mawili siku ile" bila karatasi haibadilishi kitu, na ni sawa isibadilishe.