Boti ya rimoti ya petroli, cc 26: uzoefu wangu wa kuitunza na kuihifadhi

Kwa upande wa mbio sina neno na boti hii. Bodi ni ya faibaglasi, urefu unapita mita moja, injini ni ya petroli ya tustroki, cc 26, inayopozwa kwa maji, na ikishachanganya hata wasiopenda boti husimama kutazama. Ila mbio ndizo zinazotangazwa kwenye boksi. Nimekaa nayo misimu kadhaa, na nionavyo boti ya petroli huharibikia kabatini zaidi kuliko majini. Kitabu cha maelekezo kina kurasa tele za kurekebisha kabureta na usukani, lakini kuhusu kuihifadhi kuna mistari michache tu: safisha, kausha, weka pakavu. Kwa pesa wanayotoza, hapo wamebana sana.

Nianze na kebo, maana ndiyo roho ya chombo. Kati ya injini na propela kuna kebo ya chuma iliyosokotwa, inayozunguka ndani ya bomba jembamba zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kinga yake ni grisi peke yake. Maji hupenya kidogo kidogo kutokea nyuma, na kwa nje huoni kitu: propela inang'aa, ukiisukuma kwa kidole inazunguka vizuri, kumbe kutu imeshaanza katikati ya misokoto. Siku itakapokatika, boti itabaki ikielea mbali na ukingo, na injini iliyopoteza mzigo ghafla itapandisha mizunguko hadi uwahi kuizima.

Kwa hiyo kila nikitoka majini nalegeza koleti, yaani kibanio kinachoishika kebo upande wa injini, kwa spana mbili, navuta kebo yote kwa nyuma na kuipangusa kwa kitambaa kikavu. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa inasema maji yaliingia, basi na bomba nalo nalisafisha. Napaka grisi ya vyombo vya majini, ile nzito isiyooshwa na maji, kisha nairudisha. Wakati wa kukaza usiisukume mpaka mwisho. Kebo ikibeba mzigo hujikaza na kufupika, kwa hiyo acha milimita 3 hadi 6 kati ya mguu wa shafti (ule unaoishikilia shafti nyuma ya boti) na kishikio cha propela. Bila nafasi hiyo vyuma vitasagana. Lawama yangu kwa waliounda boti hii ni kwamba koleti wameificha chini ya ekzosi. Spana inaingia kwa kubembeleza, na ekzosi ikiwa bado ya moto utavaa glavu upende usipende.

Mafuta. Nachanganya 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya 2T (ya injini za tustroki) kwa lita moja ya petroli, na sichanganyi ya kuweka akiba. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu, na ikiachwa ndani ya kabureta vile viwambo vyembamba hukakamaa na kupoteza mnyumbuko, ndipo injini inapogoma kuwaka msimu mpya ilhali mwaka jana ilikuwa haina kosa. Kabla ya kuihifadhi namwaga tangi, kisha nawasha injini imalize mafuta yaliyobaki kwenye kabureta. Angalizo hapa: boti hii haina pampu ya maji. Maji ya kupoza huingia kwenye tundu la usukani kwa nguvu ya mwendo, kwa hiyo ikiwa nchi kavu silinda haipati hata tone. Mimi huunganisha mpira wa bomba na kufungulia maji kwa shinikizo dogo. Kama ilikuwa kwenye maji chumvi, hapo hapo maji hayo yasiyo na chumvi yanasafisha njia zote. Nikimaliza napuliza mpaka yatoke yote, kwani kwenye baridi ya kugandisha maji yaliyobaki yanaweza kupasua silinda.

Baada ya hapo nafungua plagi, nadondoshea oili kidogo ya 2T, navuta kamba taratibu ili isambae, narudisha plagi, halafu navuta tena mpaka mkono uhisi ugumu na kuishia hapo. Pistoni inakuwa imeziba tundu la ekzosi na unyevu hauna pa kupitia kirahisi.

Boti ikipinduka, na hizi hupinduka, usikimbilie kamba. Maji hayabanwi. Ukivuta kwa nguvu silinda ikiwa na maji utakunja konrodi, mkono unaobeba pistoni. Toa plagi kwanza, geuza boti, vuta mpaka maji yaishe, ndipo uanze habari ya kuwasha.

Risiva inayopokea mawimbi ya rimoti na servo, vimota vinavyosukuma usukani na kabureta, ziko kwenye kisanduku chenye mfuniko wa mpira, na kimefanya kazi vizuri. Hata hivyo nyumbani hukifungua kipumue, pamoja na mfuniko wa boti, kwa sababu unyevu uliofungiwa hula viunganishi. Betri za lithiamu naziondoa na kuziacha kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, siyo 4.2 za kujaa.

Stendi waliyotoa nayo ni ya plastiki, inatosha kazi za mezani, lakini kwa kukaa muda mrefu nimeweka yenye sponji pana inayobeba bodi, ili uzito usilalie usukani na propela. Mipira ya mafuta tegemea kuibadilisha: hugeuka njano, ikakauka na kuanza kuvuta hewa. Usinunue ya silikoni inayouzwa kwa injini za nitro (zinazotumia mafuta yenye nitromethani), petroli huivimbisha.

Ningeinunua tena, ndiyo. Kwa anayetaka kuchaji betri, kucheza na kurudisha boti kwenye begi, kuna boti za umeme nzuri tu, na hazinuki petroli chumbani.