Ununue nini kwanza ukitaka kupiga picha nzuri za magari

Gari ni kioo kilichokunjwakunjwa kikapakwa rangi. Liegeshe chini ya mti, nalo litakuonyesha matawi. Liegeshe kando ya ukuta wa njano, na mlango mzima utageuka njano. Simama mbele yake na fulana nyeupe, na utakuja kujikuta ndani ya picha, umejibanza karibu na kitasa. Mwenye gari haoni hayo, maana anatazama kwa mapenzi. Kamera haipendi mtu.

Ndiyo maana orodha hii nimeipanga hivi nilivyoipanga. Picha za magari zikigoma kuvutia, wengi wetu hukimbilia kubadili kamera. Nami nilikimbia huko. Niliuza kamera ndogo, nikajinyima, nikanunua bodi (kamera bila lenzi) ya fremu kamili, yenye sensa kubwa, kile kihisi kinachonasa mwanga, na nikapata picha zilezile mbaya zikiwa kubwa zaidi. Anga bado lilikuwa limetanda juu ya boneti kama shuka jeupe. Kwa hiyo hapa kamera imeshika nafasi ya nne. Kipimo changu ni kimoja: kifaa hiki kitanisaidia kiasi gani kutawala kile ambacho gari linaakisi?

Kabla hata ya namba moja, nunua taulo mbili za maikrofaiba na chupa ya dawa ya kusafishia vioo. Alama za vidole kwenye kitasa na madoa ya maji kwenye kioo hufutika kwa dakika tatu. Kwenye kompyuta hula jioni nzima. Ila vumbi kavu usilisugue, litakwaruza rangi, na hiyo mikwaruzo ndiyo itakayong'aa zaidi utakapowasha taa. Lowesha kwanza.

Nafasi ya kwanza: filta ya polaraiza

Hii ndiyo pesa itakayokurudia upesi kuliko zote. Mwanga ukidunda juu ya rangi au kioo kwa pembe fulani, mawimbi yake hulala upande mmoja. Polaraiza huyakataa mawimbi yaliyolala hivyo na kuyaruhusu mengine. Unaizungusha taratibu mbele ya lenzi huku ukitazama, na ghafla mng'ao mweupe unatoweka, rangi yenyewe ya gari inajitokeza, na kupitia kioo cha mbele unaanza kuona usukani na viti. Programu ya kompyuta haiwezi kukufanyia kazi hiyo baadaye, kwa sababu kilichofichwa na mng'ao hakikuingia kwenye picha tangu mwanzo.

Ina nguvu zaidi ukitazama uso wa gari kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 35 kutoka kwenye uso wenyewe. Ukisimama ukautazama mlango uso kwa uso, itakusaidia kidogo sana. Kwenye kromu na chuma kisichopakwa rangi haifui dafu, maana metali tupu haiupangi mwanga kwa namna hiyo. Na kwa kuwa mwili wa gari una pembe nyingi, mzunguko unaosafisha boneti unaweza kuuacha mlango na mng'ao wake wote. Wenye subira hupiga picha mbili au tatu bila kuisogeza kamera, kila moja na mzunguko wake, kisha huziunganisha.

Usifute kila kitu, lakini. Gari lisiloakisi chochote hufanana na kitu kilichochongwa kwa sabuni. Acha mstari mmoja wa mwanga utembee begani, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma; huo ndio unaomwonyesha mtazamaji umbo la gari. Jambo jingine litakaloshtua ukilikuta bila kutarajia: vioo vya madirisha ya pembeni na ya nyuma ambavyo vimeimarishwa kwa joto vinaweza kutoa madoadoa kama ngozi ya chui chini ya filta hii. Filta haijaharibika. Unaona tu alama za mkazo zilizobaki ndani ya kioo kilipopozwa haraka kiwandani. Zungusha kidogo, yatapungua.

Dukani tafuta iliyoandikwa CPL, yaani polaraiza ya duara. Ile ya zamani ya mstari huweza kuvuruga fokasi na upimaji wa mwanga kwenye kamera zenye kioo ndani. Kuijua ni rahisi. Itazame skrini ya kikokotoo au ya kompyuta ya mapajani kupitia filta, upande wenye nyuzi za kufungia ukiwa kwenye jicho lako, kisha izungushe: skrini itafifia mpaka iwe karibu nyeusi. Sasa igeuze, upande wa mbele uje kwenye jicho. CPL halisi haitazimisha skrini tena hivyo. Ya mstari itazimisha pande zote mbili. Isiyobadilisha kitu kwa upande wowote ni kioo cha kawaida chenye maandishi mazuri, mrudishie muuzaji.

Kipenyo kinunue cha lenzi yako kubwa kuliko zote, 67 au 77 mm kwa mfano, kisha ongeza ringi za kuongezea kipenyo (step-up) kwa lenzi ndogo. Ringi ni za bei nafuu, filta siyo.

Ya pili: tripodi inayoinama

Wauzaji husifia tripodi kwa urefu. Mpiga picha wa magari anataka ufupi. Picha nyingi nzuri za magari hupigwa kamera ikiwa usawa wa taa za mbele, na nyingine chini zaidi, usawa wa kitovu cha gurudumu. Ukipiga kutoka usawa wa macho yako, gari linaonekana kama lilivyo kwa kila mpita njia, paa likiwa kubwa na magurudumu yakiwa madogo. Kwa hiyo chagua ambayo miguu yake inatanuka kwa hatua kadhaa na nguzo ya katikati inatolewa au kugeuzwa. Nguzo ndefu isiyotoka itagonga ardhi kabla hujafika unakotaka.

Ipime hivi: ifungue yote, weka kiganja juu ya kichwa chake, bonyeza na kuisokota. Ikicheza mkononi mwako, itacheza na upepo. Ndoano ya kuning'inizia begi chini ya nguzo ni faida kubwa kuliko maandishi ya kaboni pembeni. Alumini inatosha kabisa kwa mtu anayefika kwenye eneo la picha akiwa ndani ya gari.

Bila tripodi huwezi kuunganisha zile picha za polaraiza, na picha za usiku zisahau.

Ya tatu: lenzi ndefu kidogo

Simama hatua mbili kutoka kwenye bampa na lenzi pana: pua inavimba, buti linasinyaa, na gari la kifahari linakuwa katuni. Lenzi haina kosa hapo. Kosa ni ukaribu. Rudi nyuma, vuta kwa lenzi ya kati ya milimita 70 na 135, na vipimo vya gari vitarudi kuwa vile mchoraji wake alivyovikusudia. Kuna faida ya pili ambayo husemwa mara chache: ukiwa mbali, wewe na tripodi yako mnakuwa wadogo ndani ya rangi, au mnatoka kabisa.

Chaguo langu kwa anayeanza ni zumu ya kawaida ya 55-250 mm au 70-300 mm iliyotumika. Hazina sifa mitaani, wala hazihitaji. Gari zima likae ndani ya fokasi unapiga kwenye f/8 hivi (hiyo ni namba ya tundu la lenzi; ikipanda, tundu hupungua), na kwenye f/8 lenzi ya bei ndogo na ya bei ya kutisha hukaribiana sana. Anayekwambia huwezi kupiga gari bila f/1.4 anataka kukuuzia ya kwake.

Nafasi ikiwa finyu, 50 mm f/1.8 ni ya pili. Kwenye bodi yenye sensa ndogo inakuwa kama 75 mm, na kwenye Canon za aina hiyo kama 80, kwa hiyo inatosha kabisa kwa picha ya gari iliyokaa robo tatu, pua na ubavu vikionekana pamoja.

Ukinunua lenzi ya mtumba, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo lisikusumbue. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Iache hapo hapo, hata kama muuzaji ataapa.

Ya nne: bodi ya kamera

Sasa kamera. Bodi yenye megapikseli 20 hadi 24 ya miaka kumi iliyopita inatosha, mradi ihifadhi picha kwa RAW, yaani data ghafi ya sensa, na ikuruhusu kuchagua kasi ya shata, lile pazia la kamera, wewe mwenyewe. Nikon D7100 ya 2013, Sony a6000 ya 2014, Canon 80D ya 2016: yoyote kati ya hizo itakushinda wewe kwanza kabla hujaishinda.

Mtego wa kuangalia uko Nikon. Bodi za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifungia lenzi ya zamani ya AF-D, ambayo nayo haina mota, picha itapigika lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi zenye mota yake: AF-S, au AF-P baada ya kuhakikisha kwamba bodi yako inaikubali, maana baadhi ya za zamani haziikubali.

Uliza shata imebonyezwa mara ngapi. Bodi za daraja la kati kwa kawaida hukadiriwa kufika mara 100,000 hadi 150,000. Piga ukuta mweupe kwenye f/16 uone madoa ya sensa. Na kama kamera ina shata ya kielektroniki, ile ya kimya, ijaribu kwenye pangaboi linalozunguka. Panga zikitoka zimepinda, hata rimu za gari linalopita zitapinda, kwa sababu sensa inaisoma picha mstari kwa mstari wakati gari halisubiri. Kosa hilo ni la zamani kuliko sensa. Miaka ya 1910 kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, alipiga gari la mashindano kwa kamera ambayo pazia lake lilipita polepole, huku akiizungusha kulifuata gari. Gurudumu likatoka limelala mbele kama yai linalokimbia, na watazamaji wakainama upande wa pili. Picha hiyo leo ni maarufu duniani. Wewe tumia shata ya kimekanika mpaka nawe uwe maarufu.

Kwa magari yanayokwenda, anza na sekunde 1/60, fuatisha gari kwa kiuno chako chote, usisimame baada ya kubonyeza. Kwa 1/1000 rimu zinaganda na gari linaonekana limeegeshwa katikati ya barabara. Nyingi zitaharibika; hapo hakuna njia ya mkato. Mchana wa jua kali huna haja ya kununua filta nyingine ya giza kwanza, maana polaraiza yenyewe hula stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga). Na ukipiga kutoka ndani ya gari jingine, funga mkanda na mwili wote ukae ndani. Hakuna picha inayostahili kukaa kwenye buti lililofunguliwa.

Ya tano: fimbo ya taa ya LED

Kumbuka gari ni kioo. Tochi itajionyesha kama nukta kwenye kioo hicho, na flashi vilevile, ndiyo maana flashi ya juu ya kamera sikuipa nafasi yoyote. Fimbo ndefu ya LED hujionyesha kama mstari, na mstari ndio tunaoutaka. Usiku, kamera ikiwa juu ya tripodi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/8, sekunde 20, tembea nyuma ya gari ukiwa umeshika fimbo sambamba na paa. Vaa nguo nyeusi na usisimame. Picha moja kwa paa, nyingine kwa ubavu, nyingine kwa rimu, kisha unazichanganya. Angalia CRI ya taa, kipimo cha jinsi inavyoonyesha rangi kwa usahihi: 95 au zaidi, la sivyo nyekundu itatoka kahawia. Urefu ni muhimu kuliko ukali, kwa kuwa shata iko wazi muda wote huo.

Droni sikuiweka. Inakuonyesha paa, na paa ndiyo sehemu ambayo mchoraji wa gari alichoka.

Mwenye simu tu

Achana na lenzi pana ya 0.5x, hiyo ndiyo inayokuvuta karibu mpaka pua ivimbe. Tumia ya 2x au 3x kama simu inayo, rudi nyuma, chuchumaa. Hali ya potreti izime. Hukata antena na vioo vya pembeni kana kwamba ni uchafu wa nyuma. Kwa RAW za simu au za kamera, programu za darktable na RawTherapee ni za bure na zinatosha, kabla hujajifunga na malipo ya kila mwezi.

Na ile filta ya nafasi ya kwanza hufanya kazi hata bila kufungwa popote: ishike kwa vidole mbele ya lenzi ya simu, upande wa nyuzi ukielekea simu, izungushe mpaka anga litoke kwenye boneti, bonyeza. Futa tu lenzi ya simu kwanza, imetoka mfukoni.