Mota ya Servo ya SG90 kwa Wanaoanza Roboti

Mota hii ya gramu 9, ambayo mkono wake mdogo hugeuka hadi pembe inayoagizwa na kutulia hapo, ndiyo ninayompendekezea kwanza mwanafunzi wa roboti, kwa sababu ganda lake la buluu linalopitisha mwanga humwezesha kuona gia zikipokezana mwendo. Waya wake wa rangi ya chungwa, unaobeba maagizo, hupokea pigo la umeme kila milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 huuelekeza mkono wa mota katikati, huku potenshiometa iliyo ndani, yaani kipingaumeme kinachobadilika kinapozungushwa, ikipima mahali mkono ulipofika, ili mota isahihishe tofauti hadi itulie. Inapendeza mno kuitazama ikijirekebisha. Kasoro yake ni gia za plastiki: niliulazimisha mkono kwa vidole, jino moja likakatika. Mota zikiwa nyingi, zipewe betri yao zenyewe, si umeme wa bodi ya elektroniki inayoziongoza.