Vibanda vya Marangu au hema za Machame: pa kulala Kilimanjaro

Kilimanjaro hupigi hema popote miguu inapochoka. Unalala kambi zilizotengwa tu, tena ukiwa na mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo ukichagua njia, umeshachagua malazi: Marangu ndiyo pekee yenye vibanda, njia nyingine zote ni hema.

Wakati wa mvua, vibanda havina mpinzani. Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720) na Kibo (kama 4,700) vina vitanda na magodoro, na begi lako la kulalia linabaki kavu. Lakini begi hilo lije la baridi kali, maana chumba hakina moto. Horombo ndipo penye msongamano, kwani wanaopanda, wanaoshuka na wanaokaa siku ya ziada wote hukutana hapo. Siku hiyo ya ziada usiikate ili kuokoa pesa. Ukienda kwa siku 5, unatoka Horombo hadi Kibo, unalala saa chache, kisha unaanza kupanda kilele usiku huohuo. Mwili haujapata muda wa kuzoea hewa nyembamba, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu hufuata. Chukua siku 6, panda hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari myeusi na myeupe juu ya Horombo, kisha rudi ulale Horombo.

Kwa kuzoea hewa, Machame ya siku 7 ni bora zaidi: unafika Lava Tower, mwamba mrefu wa volkano ulio kama mita 4,600, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Msimu wa kiangazi tungeichagua hii bila kusita.

Kazi iko kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame. Ardhi ni mawe na vumbi, vigingi havishiki, hivyo kamba hufungwa kwenye mawe ambayo tayari yamezunguka sehemu za hema. Ukifunga zipu zote kuzuia baridi, mvuke wa pumzi unaganda ndani ya kitambaa, na jua likitoka unayeyuka na matone yanadondokea begi lako la kulalia. Acha tundu la juu wazi, upana wa vidole viwili. Maji hapo hakuna. Wapagazi huyabeba kutoka bonde la Karanga, basi yatumie kwa kunywa na kupika.

Kuhusu kuhamisha hema pembeni kukwepa kelele: usifanye hivyo. Huko juu, kila usiku sindano za barafu huinua udongo ulio wazi, mchana zinayeyuka na udongo unateleza, mizizi ya miche ikikatika. Nyasi zilizokanyagwa zikifa, kipara hicho hakijifuniki upesi.

Moto wa kuni nao ni marufuku. Ule mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kituo cha kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nguo zifungashe kwenye mifuko myepesi ya turubai isiyopitisha maji, na mzigo anaobeba mpagazi usizidi kilo 20, hupimwa getini.